Habari za Nyumbani

Kila jamaa ina mambo yake yasiyoandikwa gazetini. Kuku amepotea huko Mangobo. Mtoto wa dada ameota jino la kwanza. Baba mdogo amenunua viatu vipya, na cha kulia kinambana. Nje ya nyumba ile, nani atajali? Hakuna. Lakini mtu wa nyumba hiyo aliye mbali, Kinshasa au Bunia au Bruxelles, yu tayari kutoa fedha yake ya chakula cha mchana apate kusikia habari ya kuku yule. Habari za mawaziri atazipata po pote. Za kuku atapewa na nani?

Leo tunataka kusema juu ya mji wa Kisangani, kwani ni mji ambao watu wake wamejitaabisha kwa njia nyingi sana ili wapashane habari za nyumbani. Anayeijua nchi ile atafahamu sababu. Mji umekaa mahali ambapo mto mkubwa unakatika. Kutoka Kinshasa vyombo hupanda kilomita 1,734 mpaka kufika. Kisha maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, huziba njia ya maji kwa kilomita 100 hivi, hata Ubundu. Hapo watu na mizigo walishushwa na kupandishwa reli. Basi tangu mwanzo ulikuwa mji wa wenye kufika na wenye kuondoka. Kituo cha kwanza kiliwekwa mwaka 1883. Tangu mwaka 1887 Tippu Tip wa Zanzibar alikuwa liwali wa maporomoko hayo. Jina la Stanleyville liliachwa mwaka 1966. Kiswahili kilifika na misafara kutoka mashariki, Lingala kilipanda na mto kutoka magharibi, na mpaka leo katika nyumba moja utamsikia mama akiuliza kwa Kiswahili, mtoto akijibu kwa Lingala, na mjomba akikata shauri kwa Kifaransa ili aonekane amesoma.

Gogo lisemalo

Tuanze na ngoma, wala hatutaipita upesi, kwa sababu wengi huisifu bila kuielewa. Watu hudhani ngoma ya habari ni kama kengele: mapigo matatu ni kifo, mawili ni arusi. Sivyo kabisa. Walokele, wavuvi na wachuuzi wa mtoni wakaao chini ya Kisangani, walisema kwa ngoma maneno yenyewe. Ngoma yao ni gogo lililochimbwa tumbo lote kwa kupitia ufa mwembamba. Mdomo mmoja wa ufa hutoa sauti nene, na wa pili sauti nyembamba; moja huhesabiwa kuwa ya kiume na nyingine ya kike. Lugha yao nayo, kama lugha nyingi za Kongo, hupanda na kushuka katika kila neno. Ngoma huziacha herufi na kuufuata mwendo wa sauti peke yake.

Hapa msomaji mwerevu atauliza: na maneno mawili yenye mwendo mmoja, je? Naam, ameshika jambo lenyewe. Kwa lugha ya Walokele mwezi ni songe na kuku ni koko, na yote mawili huenda kwa sauti zile zile. Kwa hiyo mpigaji hasemi mwezi tu. Husema mwezi, ule uitazamao nchi toka juu. Wala hasemi kuku tu. Husema kuku, yule mdogo aliaye kio-kio. (Wasomaji wa Kisangani wasicheke. Tunajua kwamba mjini koko ni babu au bibi, si kuku.) Maneno yaliongezwa hata yasiweze kuchanganyika, na ndiyo sababu habari fupi ya kinywani ilikuwa ndefu katika ngoma.

Mambo hayo yaliandikwa vema na John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibaptisti, aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufundisha Yakusu, safari fupi ya mtumbwi kutoka Kisangani. Kitabu chake juu ya ngoma kilitoka mwaka 1949. Hakuwa wa kanisa letu, lakini alikuwa na subira ya kusikiliza, nasi tunamshukuru. Alijifunza kupiga yeye mwenyewe, na inasimuliwa kwamba mke wake alizoea kumwita kwa ngoma kutoka msituni aje kula. Tukisoma hayo twatabasamu. Katika ufundi ule wa ajabu, uliowashangaza wataalamu wa nchi nyingi, neno lililopita mara nyingi lilikuwa: njoo, chakula tayari.

Kwani ngoma haikupigwa kwa ajili ya vita na wafalme tu, kama wageni walivyopenda kuandika. Ilitangaza mtoto aliyezaliwa, msiba, uvuvi, michezo na mashindano. Saa zake njema zilikuwa alfajiri na usiku, hewa ikiwa imetulia, nayo iliweza kusikika yapata kilomita 10. Kila mtu alikuwa na jina lake la ngoma, lenye jina lake mwenyewe, jina la baba yake na kijiji cha mama yake. Hapakuwa na njia ya kumkosea mtu. Na hapakuwa na siri: akiitwa mmoja, walisikia wote, hata jirani aliyekuwa na deni.

Karatasi isiyofungwa

Mji ulipokua, barua ilichukua mahali pa ngoma. Lakini barua ya Kisangani haikutiwa posta kila mara, ilitiwa mkononi. Mtu akisafiri kwa meli kwenda Kinshasa alipewa barua kumi, samaki wa kukaushwa, na maneno ya mdomo yaliyozidi barua. Safari ilikuwa ya siku nyingi, nyingine majuma, na habari zilifika zimechakaa. Mtoto aliyeandikwa kwamba ameanza kutambaa alikuwa amekwisha kukimbia. Hakuna aliyelalamika, mwenye kusoma aliongeza miezi kichwani mwake.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa Agosti 1998 Kisangani ikaingia mikononi mwa waasi, na Kinshasa ikabaki upande wa serikali. Mto ukafungwa. Fikiri, msomaji: mume alikwenda Kinshasa kuuza mchele, akakusudia kukaa mwezi mmoja, mke amebaki na watoto Kabondo, na kati yao umekatika mstari wa vita. Mwezi wa Juni 2000, kutoka tarehe 5 hata tarehe 10, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana wao kwa wao ndani ya mji huo wa watu wengine. Mabomu yaliangukia nyumba, shule na makanisa. Mamia ya wananchi wakafa. Mwezi wa Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara iliyoyatenda katika vita ile. Lakini katika siku zile sita, watu wa Kisangani walioko Kinshasa walisikia redioni kwamba mji unawaka, wala hawakujua kama nyumba yao ni mojawapo.

Ndipo wengi walipoijua karatasi ya Msalaba Mwekundu. Ni karatasi moja tu, isiyofungwa katika bahasha, nayo yaruhusiwa habari za jamaa peke yake: nani mzima, nani mgonjwa, nani amezaliwa, nani amekufa, tumehamia wapi. Siasa marufuku, habari za askari marufuku. Wakubwa wa pande zote waweza kuisoma, na ndiyo maana huiachia ipite. Watu wa kujitolea waliipeleka vijijini mpaka mlangoni, kwa baiskeli au kwa miguu. Tunaiona karatasi hiyo kuwa jambo kubwa kuliko ilivyoonekana. Vita viliruhusu neno moja lipite katikati ya bunduki, na neno hilo ni lile lile la ngoma na la mke wa Carrington: tuko wazima, tunakungoja. Mtu aliyekaa mwaka mzima pasipo neno hakuomba habari za mapatano. Aliomba kujua kama mtoto wake amepona surua.

Kulikuwa na foni vilevile, yaani redio ya kuzungumzia, yenye waya mrefu juu ya mti na betri ya motokaa chini ya meza. Ulilipa, ukangoja zamu, ukapiga kelele, ukasema «kwako!» ili mwenzako aanze. Foleni nzima ilisikiliza. Mambo ya mahari, ya madeni, ya mke aliyerudi kwao, yote yalisemwa mbele ya watu ishirini, nao ishirini walitoa maoni yao bila kuombwa. Tena tarehe 25 Februari 2002 Redio Okapi ilianza, ikisema kwa lugha tano, Kiswahili kikiwamo. Watu wa pande zilizogawanyika wakapata kusikia sauti moja kwa wakati mmoja. Vyombo vya biashara vilirudi mtoni mwaka 2003. Kwa miaka ile ile simu ya mkononi ilikuwa imeanza kuenea, na polepole foni ikanyamaza katika miji.

Nyumba ya watu arobaini

Sasa tuje kwenye siku zetu. Tuchukue mfano wa jamaa moja. Wasomaji wasiitafute mjini, maana tumeijenga kwa matofali ya nyumba nyingi. Bibi, ambaye wote humwita Koko, yuko Mangobo. Mwana wa kwanza yuko Kinshasa. Binti ni muuguzi Bunia. Mwingine huendesha lori kati ya Kisangani na Buta, naye husikika na kupotea kama jua wakati wa mvua. Mjukuu anasoma Bruxelles. Na binamu, mashemeji, na shemeji za mashemeji. Wote wameungana katika kundi moja la WhatsApp, watu arobaini, na kundi lina jina la Koko.

Mwaka 2013 WhatsApp iliongeza uwezo wa kutuma sauti iliyorekodiwa. Wenye elimu waliona ni kitu kidogo. Kwa Koko, asiyejua kusoma, lilikuwa jambo kubwa sana, maana siku hiyo alirudi kuwa msemaji katika jamaa yake. Siku za barua alihitaji mtoto wa kumwandikia na mtoto wa kumsomea, na watoto, kama mjuavyo, huruka mistari. Sasa anabonyeza mwenyewe na kusema. Husalimu kila mtu kwa jina na kwa cheo chake, kuanzia mkubwa: yaya wa Kinshasa, muuguzi wa Bunia, dereva, mjukuu, mpaka mtoto aliye tumboni. Salamu zachukua dakika nne. Kisha asema, «Basi, sasa nitasema nililotaka kusema», na hapo moto wa simu unakwisha. Jamaa nzima hungoja mpaka kesho, simu irudi kutoka kwa kijana wa kuchaji barabarani.

Kuna na kicheko. Baba wa nyumba, akidhani anamwandikia mke wake peke yake, aliandika: «Nani amekula paja la kuku nililoweka?» Watu arobaini wakasoma. Kutoka Bruxelles mjukuu akajibu, «Koko ni shahidi, si mimi.» Kutoka Bunia ikaja picha ya mifupa. Jambo hilo lilichekesha juma zima, na mpaka leo mtu akichelewa kujibu salamu, huulizwa kama kinywa chake kimejaa paja. Mzaha wa namna hiyo hautafsiriki. Mgeni akiusikia hatacheka, na ndiyo alama kwamba ni mali ya nyumba.

Saa nazo huleta mambo. Kongo ni nchi moja yenye saa mbili: Kisangani iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Koko akiamka saa kumi na mbili na kutuma salamu, Kinshasa bado ni saa kumi na moja, na mwanawe huitikia kwa sauti ya mtu aliye chini ya mto wa kulalia. Bruxelles nayo, wakati wa baridi hufuata saa ile ya Kinshasa, na wakati wa joto hulingana na Kisangani. Walipomweleza Koko hayo, alifikiri kidogo, akasema, «Basi wakati wa joto mjukuu wangu anakaribia.» Hakuna aliyemsahihisha.

Kisha maajabu. Kila jamaa ina mtu wake wa maajabu, mara nyingi mjomba, ambaye hukusanya mambo ya ulimwengu na kuyamwaga asubuhi. Je, mnajua kwamba mto wetu huvuka ikweta mara mbili? Je, mnajua kwamba ikweta yenyewe haifiki kilomita 60 kutoka mjini, upande wa kusini? Hayo ni ya kweli, na twamsifu. Jambo tulipendalo kuliko yote ni la lesula. Mwezi wa Juni 2007, huko Opala, katika mkoa uitwao Tshopo tangu mwaka 2015, wataalamu waliokuwa wakichunguza misitu ya Lomami waliona kima mchanga amefungwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Uso wake ulikuwa kama wa mtu, macho makubwa yenye huzuni. Wakauliza ni nini. Wenyeji wakajibu: lesula, kwani hamumjui? Wataalamu wakachunguza miaka mitano, na Septemba 2012 wakatangaza kwamba ni kima asiyekuwa ameandikwa katika vitabu vya sayansi. Picha yake ikazunguka dunia, ikarudi katika simu za Kisangani kutoka Ulaya, ikiwa na maneno «kima mpya». Mpya! Watu wa Opala wamemjua tangu mababu, na wengine wamemla.

Sikilizeni pia habari ya lituma, ile ndizi iliyopondwa ambayo watu wa Tshopo huihesabu kuwa chakula chenyewe. Mama hupiga picha ya sahani: lituma, samaki, pilipili. Huituma bila neno. Aliye Bruxelles hujibu kwa kilio. Kuna wanaosema huu ni upuuzi na kupoteza «mega», kama Wakongo waitavyo kipimo cha intaneti. Sisi hatukubali. Sahani ile imebeba maneno mengi: nyumbani kuna chakula leo, mama ana nguvu za kupika, mto unatoa samaki, na mahali pako pangalipo.

Msiba usitupwe kama jiwe

Lakini si kila jambo latufurahisha, na hapa hatuna budi kusema kwa uwazi.

Wazee wetu walikuwa na adabu ya kutoa habari ya kifo. Anayepelekewa habari huketishwa kwanza. Hupewa maji. Hutafutwa mtu wa kukaa karibu naye, tena mwenye umri. Huambiwa kwamba baba ni mgonjwa. Baada ya muda, kwamba hali yake ni mbaya. Na moyo ukiisha kutangulia, neno lenyewe husemwa, na mikono ya kumshika iko tayari. Ngoma ilitangaza mbali, ndiyo, lakini wa nyumbani walikwisha kuambiwa kwa kinywa.

Siku hizi? Kijana wa miaka kumi na sita yuko hospitalini; mzee amekata roho; kabla macho hayajafumbwa, picha imekwisha kwenda. Binti yake aliye mbali yuko ndani ya basi, au kazini, au peke yake katika chumba cha kupanga. Simu yatikisika. Afikiri ni mzaha wa paja la kuku. Afungua, na kumbe ni uso wa baba yake, na chini yake herufi tatu za kigeni za kumtakia marehemu pumziko. Hakuna aliyemketisha. Hakuna wa kumshika mkono. Tumewasikia watu wakisema kwamba kifo chenyewe wamekisamehe, lakini namna walivyopata habari hawawezi kuisahau. Kijana naye hakuwa mwovu. Alilia, na mkono wake ukafanya kile uliozoea kufanya kila siku.

Ziko jamaa zilizoweka sheria, nasi twaiona ni nzuri: habari ya kifo haingii katika kundi mpaka mkubwa mmoja aliyechaguliwa aseme. Yeye kwanza hupiga simu kwa kila mtoto wa marehemu, na kabla ya mtoto humpigia mtu aliye karibu naye: mume, rafiki, padre, jirani wa mlangoni. Wakiisha kuambiwa wote, ndipo kundi huambiwa, tena kwa sauti, si kwa picha. Na picha ya maiti haitumwi kamwe. Wala hili halina gharama ila subira ya saa chache.

Jambo la michango nalo linaumiza kimyakimya. Wakati wa matanga orodha huwekwa mbele ya wote: fulani dola 50, fulani dola 20, fulani bado. Yule «bado» pengine ana mgonjwa wa kwake, asiyetaka kumtaja. Tena mtu akinyamaza majuma mawili husemwa kwamba amewadharau ndugu, kumbe hana fedha ya mega, au umeme umekatika, au simu imeibwa. Mwaka 2020 serikali iliongeza hata kodi juu ya simu, iliyoitwa RAM. Wananchi wakapiga kelele mpaka ikafutwa mwaka 2022. Tusimhukumu maskini kwa kimya chake.

Habari iliyopita mikono mingi

Tatizo la mwisho ndilo la hatari. Kundi la jamaa ni mahali pa kuaminiana. Kwa sababu hiyo uongo ukiingia humo, haukaguliwi. Mtu asingemsadiki mgeni barabarani, lakini humsadiki shangazi. Shangazi naye amelipata neno kutoka kwa mtu wa kwaya, na mtu wa kwaya hajui alikolitoa.

Mwezi wa Februari 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwaka upande wa kushoto wa mto, karibu na Kisangani. Watu waliuawa, vijiji vikachomwa, maelfu wakakimbilia mjini. Sasa, katika mji huo zimo nyumba ambamo mume ni Mmbole na mke Mlengola, na wajukuu wana damu za pande mbili. Neno moja la kwamba kabila fulani linakuja usiku, au picha ya zamani ya vita vya nchi nyingine iliyopewa jina la kijiji cha jirani, likiingia katika kundi la jamaa ya namna hiyo lafanya nini? Laweza kumfanya kijana aliyekula sahani moja na shemeji yake amtazame kwa jicho jingine. Mwenye kutuma alidhani anawaonya ndugu zake.

Dawa ipo, nayo si ngumu. Habari iliyopitishwa mara nyingi, WhatsApp huitia alama ya mishale miwili. Na tangu Aprili 2020 habari ya namna hiyo haiwezi kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa wakati mmoja. Ukiiona mishale hiyo, fahamu kwamba aliyeandika si ndugu yako. Mwulize shangazi kwa heshima: «Mama, uliliona kwa macho yako, ao ulipewa?» Swali hilo halimvunjii mtu adabu. Na kama ndugu anaandika kutoka nambari mpya akiomba fedha upesi kwa M-Pesa au Airtel Money, kwa kuwa eti amekwama njiani, usitume. Mpigie. Sikia sauti yake. Mwulize kuku aliyepotea alikuwa wa rangi gani.

Wengine hudai ni afadhali serikali ifunge mitandao yote siku za ghasia. Jambo hilo lilifanywa baada ya uchaguzi, kutoka tarehe 31 Desemba 2018, na kwa siku 20 hivi Wakongo walikaa bila intaneti. Uvumi haukufa, ulirudi kutembea kwa miguu. Lakini sauti za akina Koko zilikoma, na watu walio ng'ambo walikesha kama walivyokesha mwezi wa Juni 2000, ingawa safari hii hapakuwa na mabomu.

Neno moja kwa wanafunzi, ambao ndio mafundi wa simu katika kila nyumba. Sauti za wazee wenu zimo ndani ya vyombo vinavyoanguka majini, vinavyoibwa, vinavyojaa na kuanza kufuta. Siku za likizo chukueni daftari. Sikilizeni tena yale ambayo bibi amesema, mkaandike: majina ya watu wa ukoo, kijiji walichotoka, mwaka wa njaa, mzaha uliochekesha. Na ninyi mlio wa ukoo wa Walokele, waulizeni wazee jina lao la ngoma. Carrington mwenyewe aliona kwamba vijana waliojua kupiga walikuwa wakipungua. Na mzee akiwa amelisahau, mwulizeni mama yake alitoka kijiji gani, kwani sehemu ya jina imo humo.